Jina lako likisomwa, nani atasimama?

Kusema ukweli mada ya mwezi huu ilikuwa iwe kamati za harusi na michango yake, na nilishaanza hata kuandika. Lakini kuna Jumamosi moja mwishoni mwa Juni nilivuka kwenda Kigamboni na shoga yangu, na tangu siku hiyo kila nikikaa mbele ya kompyuta vidole vinarudi kule kule. Kwa hiyo kamati za harusi mtanisamehe, zitasubiri.

Tulikuwa tumealikwa kwenye mkusanyiko wa vijana waliosoma pamoja chuo cha mabaharia. Nasema vijana kwa mazoea tu, maana sasa hivi wengi wana vitambi na watoto wa darasa la tatu. Kila mwaka, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 25 Juni, ambayo ni Siku ya Mabaharia Duniani, wale ambao hawako melini wanakutana ufukweni, wanachoma samaki, wanataniana mpaka machozi yanawatoka. Halafu jua likianza kushuka wanazima muziki na kusoma majina ya wenzao waliotangulia mbele za haki. Darasa lao lilikuwa na watu 34. Majina yanayosomwa ni 5.

Jina la tatu ndilo lililotupeleka sisi.

Ngoja nianze mwanzo. Shoga yangu huyu nilikaa naye chumba kimoja chuo kikuu, Mlimani. Mwaka wa pili alikutana na mkaka mmoja kwenye pantoni la Kigamboni, mrefu, mpole, begi mgongoni, anasoma Chuo cha Bahari Dar es Salaam, kile ambacho wengi tunakiita DMI. Kama hukijui, kiko mjini kati, jirani na bandari. Kilianza mwaka 1978 kama kitengo cha mafunzo, na mwaka 1991 kikapata sheria yake na jina lake la sasa. Mkaka alikuwa anasomea uinjinia wa meli. Nakumbuka tulimcheka shoga yetu, tukamwambia wewe umeamua kuolewa na bahari.

Hatukujua tulikuwa tunasema kweli. Mtu akimaliza masomo ya meli hajamaliza. Cheti cha darasani peke yake hakikufanyi ofisa wa meli, lazima upate meli, ukae baharini, na kila ulichojifunza kiandikwe na kusainiwa kwenye kitabu chako cha mafunzo. Na kupata hiyo meli ya kwanza ni kazi kuliko mtihani wenyewe. Yeye alihangaika karibu miaka miwili ndipo akapata, na baada ya hapo mapenzi yao yakawa ya mkataba: miezi tisa yuko nje, miezi mitatu yuko Dar. Simu inaita saa kumi alfajiri kutoka Durban, saa sita usiku kutoka Singapore. Shoga yangu alijua bandari za dunia kuliko mwalimu wa jiografia.

Miaka sita hivyo. Ndoa? Ilikuwa inakuja. Kwao ni Tanga, Waislamu. Kwa shoga yangu ni Moshi, Walutheri. Wote wawili walijua siku ya kuyasema hayo nyumbani ingekuwa ndefu, kwa hiyo wakawa wanasubiri wakati mzuri. Akirudi safari hii. Hapana, akirudi ile nyingine. Wengi wenu mnaosoma hapa mnaujua huo wakati mzuri, unavyopenda kuchelewa.

Asubuhi moja hakutokea kwenye zamu yake. Wenzake wakagonga mlango wa chumba chake, kimya. Wakapekua meli nzima kuanzia chumba cha mashine mpaka juu, wakageuza meli wakarudi walikotoka, wakatafuta mpaka giza likaingia. Bahari ya Hindi ni kubwa, jamani. Hakuonekana.

Kampuni ikafanya ilichotakiwa kufanya, ikapiga simu kwa ndugu wa karibu aliyeandikwa kwenye fomu. Jina lililokuwa pale ni la kaka yake mkubwa, Tanga. Aliliandika siku anaanza kazi na hakulibadilisha tena. Kaka akawaambia wazazi, wazazi wakawaambia majirani, mtaa mzima ukajua. Shoga yangu alikuwa Sinza, anajiuliza mbona siku nne simu haipatikani. Aliyemwambia ni kijana mmoja waliyesoma darasa moja na marehemu. Alimpigia kumpa pole, akidhani anajua.

Nilimsindikiza Tanga. Tulifika siku ya khitma. Tukajifunga mitandio vizuri, tukakaa nyuma kabisa kwa wanawake majirani. Mtu akauliza huyu dada analia hivi ni nani? Akajibiwa, ni rafiki wa marehemu, wametoka Dar. Kaka mkubwa alikuja kutushukuru kwa adabu zote, akamwambia, "Ahsante sana dada kwa kuja." Dada. Miaka sita ya kuamka saa kumi alfajiri, na siku ile yeye alikuwa dada aliyetoka Dar, tena bila hata kaburi la kwenda kusimama.

Wapenzi wasomaji, sisi huku kwetu msiba tunaujua. Tuna turubai, tuna daftari la rambirambi, tuna kamati. Lakini msiba wetu unazunguka mwili. Mwili ukishazikwa tunajua matanga yanaanuliwa lini, mjane anakaa eda mpaka lini, arobaini ni tarehe gani. Mwili usipokuwepo kila kitu kinayumba. Hata sheria inasubiri: kwa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, mume au mke asiposikika kwa miaka mitano ndipo mahakama inaweza kumchukulia kuwa amekufa. Na sheria hiyo hiyo inaweza kuwahesabu mke na mume watu walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua hivyo. Shoga yangu hakuwa na hata hiyo. Yeye alikuwa na simu za alfajiri, na simu haziachi cheti.

Basi mwaliko wa Kigamboni ulipokuja, mwaka wa tatu tangu msiba, alinipigia akiwa hajui aende au asiende. Usiku ule niliingia mtandaoni kutafuta vyuo vingine vya bahari vinawakumbukaje watu wao. Mtu uliyesomea mawasiliano ndivyo ulivyo, ukibanwa unatafuta habari.

Nikakutana na chuo kimoja cha Marekani kilichopo Kings Point, New York, kinachofundisha maofisa wa meli za biashara. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wanafunzi wake walipelekwa baharini kama sehemu ya masomo, kwenye meli za mizigo zilizokuwa zinawindwa na Wajerumani. Wanafunzi 142 hawakurudi. Mpaka leo chuo kina bendera yake ya vita yenye namba hiyo, 142.

Lakini namba ni namba. Iliyonishika ni habari ya mmoja wao, Edwin O'Hara, miaka 18, mwanafunzi wa chumba cha mashine. Tarehe 27 Septemba 1942 meli yake, Stephen Hopkins, ilikutana kusini mwa Atlantiki na Stier, meli ya Wajerumani iliyokuwa imefichwa mizinga. Wapiga mzinga wa Stephen Hopkins walipokuwa wameshauawa, O'Hara alikwenda kwenye mzinga akafyatua makombora matano yaliyobaki, peke yake, kisha naye akapigwa. Meli zote mbili zilizama. Leo jengo la michezo la chuo lina jina lake.

Sasa jiulize, tunajuaje alichofanya, wakati hakurudi? Tunajua kwa sababu watu 15 wa meli ile walipona, wakakaa kwenye boti siku 31 mpaka wakafika Brazil, wakasimulia. Bila wale 15, O'Hara angekuwa mmoja ndani ya 142 na basi.

Nikasoma na ya juzi juzi. Tarehe 1 Oktoba 2015 meli ya Kimarekani El Faro, iliyokuwa inatoka Jacksonville kwenda Puerto Rico, ilizama karibu na visiwa vya Bahamas ndani ya kimbunga kilichopewa jina la Joaquin. Walikuwemo watu 33 na hakupona hata mmoja. Watano kati yao walikuwa wahitimu wa chuo kimoja, Maine Maritime Academy, na mmoja wa hao watano alikuwa amehitimu mwaka huo huo. Meli iko chini, zaidi ya mita 4,000, na hakuna familia iliyorudishiwa mwili. Ofisa mmoja, binti wa chuo hicho hicho, alikuwa amemwandikia mama yake barua pepe kutoka melini kumwambia wanaelekea kwenye kimbunga, na kuwasalimia wote kwa upendo. Mama alikuwa na kitu cha kusoma. Nilifunga kompyuta nikampigia shoga yangu, nikamwambia tunakwenda, na mimi ndiye nitakayelipa nauli ya pantoni.

Kigamboni siku ile kulikuwa na upepo. Kwa mbali meli zimetia nanga zinasubiri zamu ya kuingia bandarini, na wale vijana wanazisoma kama sisi tunavyosoma daladala: ile tanka, ile ya magari, ile imekaa nangani wiki ya pili. Walitupokea vizuri mno. Mmoja akamwambia shoga yangu, "Sisi tunakujua zamani. Wewe ndiye ulikuwa unatunyima usingizi bwenini, huyu mtu anaongea na simu mpaka vocha inaisha, halafu anakopa vocha zetu." Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namuona anacheka jina lile likitajwa.

Halafu nikamuona kaka mkubwa. Amekaa peke yake pembeni, kanzu na koti, kikombe cha chai mkononi. Aliyekuwa kiongozi wa darasa alikuwa amewaalika wote wawili na hakumwambia yeyote kuwa mwingine anakuja. Sijui alifanya makusudi. Shoga yangu alinibana mkono mpaka nikaumia.

Jioni ikafika. Mabaharia wana desturi ya zamani: zamu ya saa nne ikiisha, kengele ya meli inagongwa mara nane. Na baharia akifa inagongwa mara nane pia, kwamba zamu yake imekwisha, akapumzike. Wao wana kengele ndogo ya shaba wanayoitunza kwa zamu, mwaka huu kwa huyu, mwaka ujao kwa yule. Linasomwa jina, kengele inagongwa, halafu mtu mmoja anasimama na kusema kitu kimoja tu kuhusu marehemu. Mambo ya vyeti na vyeo hawayataki. Wanataka kitu ambacho usingekijua kama hukuishi naye.

Wa kwanza alikufa kwa ajali ya pikipiki Mbagala. Mkewe akasimama akasema, alikuwa hawezi kulala bila redio. Wa pili alikufa kwa ugonjwa, aliyesimama ni rafiki yake, akasema alikuwa anadaiwa na kila mtu darasani na alilipa wote kwa mshahara wake wa kwanza. Tukacheka, tukapangusa macho.

La tatu likasomwa. Kengele ikagongwa. Kaka mkubwa akasimama taratibu, akakohoa, akasema mdogo wake alikuwa mtoto wa tano, alipenda kuogelea, alisoma shule fulani. Akanyamaza. Tukadhani amezidiwa. Kisha akasema, "Mimi namjua mpaka umri wa miaka kumi na tisa. Baada ya hapo alikuwa mtu wa simu, salamu na hela za mama. Nimekuja hapa kutafuta habari zake." Akageuka, akamtazama shoga yangu, akasema, "Labda shemeji atusaidie."

Shemeji.

Naomba niwaambie, nimehudhuria harusi nyingi kwa ajili ya gazeti hili, zenye maua na bendi na keki ya ghorofa, na sijawahi kuona mtu akipewa nafasi yake mbele za watu kama nilivyoona pale mchangani. Shoga yangu alisimama, miguu inatetemeka. Nilijua amejiandaa kusema kitu kizuri, maana tulikifanyia mazoezi kwenye pantoni. Alikisahau chote. Akasema, "Alikuwa anaogopa mende."

Kimya kidogo. Halafu darasa zima likaangua kicheko. Injinia mzima wa meli, anaingia kwenye mashine kubwa kama nyumba, akiona mende anapanda juu ya kitanda! Na kaka mkubwa, mzee wa watu, akacheka mpaka akakaa chini, akawa anasema, "Tangu mtoto! Tangu mtoto huyo! Mama alikuwa anamuulia mende chumbani kila usiku." Wakaanza kupeana, huyu anasema hiki, yule anasema kile, mmoja wa utotoni na mwingine wa ukubwani, mpaka samaki wakaungua. Waliondoka wamepeana namba. Mwezi huu shoga yangu anakwenda Tanga kumsalimia mama. Anakwenda mchana, kwa mlango wa mbele.

Nimefikiria sana kwa nini ilikuwa lazima wawe watu wa darasa lile. Familia ilikuwa na nusu ya mtu, shoga yangu alikuwa na nusu nyingine, na marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa daraja, na daraja lilikwisha katika usiku mmoja. Wenzake wa chuo walizijua nusu zote mbili. Wao ndio wale watu 15 wa kwenye boti. Na kwa wewe ambaye hujawahi kukanyaga meli, boti yako ni akina nani? Nani anawajua wazazi wako na anamjua pia yule unayempigia simu usiku?

Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu tukae. Jumatatu niliomba kuona faili langu ofisini. Sehemu ya ndugu wa karibu kuna jina la baba yangu. Baba alifariki mwaka 2016. Yaani kama ningepata tatizo njiani, ofisi ingempigia simu marehemu. Mume wangu naye akaangalia la kwake: ameandika namba ya simu aliyoacha kuitumia kaka yake siku nyingi. Wasomi wawili, ndoa ya miaka saba. Tulicheka kwa aibu.

Kwa hiyo mwezi huu ninakuomba ufanye mambo mawili madogo kabla hujafungua ukurasa wa mitindo.

La kwanza ni karatasi. Nenda kaangalie jina gani liko kwenye fomu zako: kazini, benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, bima. Kama una mtu wako baharini, muulize hilo hilo kabla hajapanda meli, na ubaki na nakala ya mkataba wake, jina la meli na simu za kampuni. Dunia imejitahidi kwa mabaharia. Upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unaodai kila baharia awe na mkataba wa ajira uliosainiwa. Tangu Januari 2017 unadai mwenye meli awe na dhamana ya fedha kwa ajili ya fidia ya kifo au ulemavu wa kudumu utokanao na kazi. Na mabadiliko yaliyoanza Desemba 2024 yanataka vifo vya mabaharia vichunguzwe, viandikwe na kuripotiwa kila mwaka. Ni mambo mazuri yote. Lakini hakuna mkataba wa kimataifa utakaojua kwamba kuna binti Sinza anasubiri simu, kama mwenyewe hukumwandika.

La pili ni gumu kidogo. Wakutanishe watu wako. Sisemi ukimbilie kutoa mahari kesho, wala sisemi dini na kabila ni mambo mepesi, najua si mepesi. Nasema angalau mtu mmoja wa kwenu amjue kwa jina na kwa sura yule unayempenda, na yeye amjue huyo mtu, wawe na namba. Wakati mzuri ukifika, utawakuta wameshasalimiana.

Na ninyi mliosoma pamoja mahali popote, iwe chuo cha bahari, ualimu au uuguzi, tunzeni lile daftari la majina. Mwenzenu akitangulia, msiishie kuchanga rambirambi. Ulizeni alikuwa na nani.

Shoga yangu ameisoma hii kabla haijaenda kwa mchapaji, na ameruhusu itoke. Alibadilisha kitu kimoja tu. Mimi niliandika "mchumba wake". Yeye akakata, akaandika "mtu wake". Niliona aseme yeye.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Kamati za harusi hazijasahaulika.